Bluu ya Saa Saba Mchana

Mume wangu ni fundi wa nguo, na kuelekea mwisho wa miaka ya tisini alianza kuona ukuta wetu mweupe ukiwa bluu. Nikilisimulia hili watu hucheka kabla sijamaliza. Wacheke. Mimi pia nilicheka mwanzoni, mpaka siku aliposimama mlangoni amejiziba uso kwa kiganja, na hapo kicheko kikanikauka mdomoni.

Lakini huwezi kuielewa ile bluu kama huijui nyumba yetu. Tulipanga vyumba viwili mjini Busia, nyuma ya soko, mwendo mfupi kutoka mpakani. Watoto wetu walilala chumba cha mbele, na pamoja nao watoto wa dada za mume wangu waliokuja kusoma mjini, na mara nyingi mgeni kutoka Uganda aliyechelewa kuvuka. Kati yao na sisi palikuwa na pazia. Pazia tu! Mtu akikohoa huku, kule anaambiwa pole. Sasa niambie, mke na mume wataishi vipi namna hiyo? Sisi tuliishi mchana. Watoto walikula shuleni. Mimi nilikuwa nauza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Sio Port, na jua likishakolea wateja hupungua, basi nilimwachia jirani meza yangu nikaenda kupika. Mume wangu saa saba alifunga kibanda chake cha kushonea, akaning'iniza mlangoni kibao alichokiandika kwa chaki, "Fundi amekwenda kula," akaja nyumbani. Tulikula. Mlango ulifungwa. Akirudi kazini, fundi wa viatu wa kibanda cha pili alimuuliza kama chakula kilikuwa kitamu, naye alijibu kwamba mke wake anajua kupika.

Sisemi mume wangu ni malaika. Ni mkaidi, anakoroma, na ukimuuliza swali Jumatatu anakujibu Jumatano. Ila macho yake yalikuwa na sifa mji mzima. Alishona kila kitu, kuanzia kaptura za shule mpaka vitambaa vya viti vya malori, lakini kazi iliyompa jina ilikuwa gomesi, ile nguo ndefu ya mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni, ambayo akina mama wa pande zote mbili za mpaka huvaa wakiwa na shughuli. Mafundi wengine walikwenda kununua uzi wakiwa na kipande cha kitambaa mkononi, wanalinganisha, wanatoka nje kwenye mwanga, wanalinganisha tena. Yeye alikitazama kitambaa mara moja, akaenda sokoni mikono mitupu, akarudi na uzi wa rangi ile ile hasa. Nilijivuna sana kwa hilo. Nilijivuna kuliko yeye mwenyewe.

Ndiyo maana kitu alichokiogopa kuliko kifo kilikuwa upofu. Baba yake aliingia gizani akiwa na umri ambao mume wangu alikuwa anaukaribia. Hakuumwa na chochote, hakuumia popote. Dunia ilimfungia tu kutoka pembeni, polepole, mpaka ikabaki tundu, kisha tundu nalo likaziba. Nilipoolewa nilimkuta tayari haoni. Na kwetu mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe, hamshiki mkono, kwa hiyo mzee hakuweza hata kunijua kwa kunigusa. Siku moja nikiwa jikoni nilimsikia akimuuliza mwanawe: huyu uliyetuletea anafananaje? Mume wangu akamjibu bila haraka, kama anayepima kitambaa. Ni mwembamba, akasema, mweusi wa kung'aa, ana mwanya wa mbele, na akikasirika anafunga mdomo ili mwanya usionekane. Mzee akasema basi, sasa nimemwona. Niliunguza mboga siku hiyo.

Basi, mume wangu alipovuka hamsini, chakula cha mchana kikaanza kumshinda. Mnanielewa. Mimi sikulitia moyoni. Mwili wa mtu si cherehani, na mimi mwenyewe kulikuwa na siku miguu inaniuma mpaka kitu pekee nilichotaka ni kulala kimya ubavuni mwake tusikilize redio ya jirani. Lakini yeye aliona aibu, na mwanaume akiona aibu hukukimbia wewe badala ya kuikimbia aibu yenyewe. Visingizio vikaanza. Leo kuna kaptura za shule, kesho kuna mteja ametoka Chakol anasubiri. Chakula akaagiza kipelekwe kibandani kwenye bakuli. Nikawa nakaa peke yangu saa saba, mlango wazi, natazama ugali unapoa. Nitasema kweli: nilidhani amepata mwanamke. Nilipita mbele ya kibanda chake mara nyingi nikijidai naenda dukani kununua chumvi, na kila mara nilimkuta ameinama juu ya kaptura. Nilirudi na chumvi yangu. Ilijaa nyumbani mpaka nikawa nawagawia majirani.

Halafu siku moja akaja. Saa saba kamili, ameoga, anapiga mluzi. Nilifurahi, sikuuliza kitu. Nani huuliza?

Nami ningejua kama ningetaka kujua. Mwaka ule habari ya kidonge cha nguvu za wanaume ilikuwa imefika mpakani. Ilikuja na madereva wa malori ya masafa marefu, wale waliokwama Malaba wakingoja karatasi zao zipite. Sokoni wanaume walikizungumza kwa kunong'ona na kusukumana mabega, na sisi akina mama tulijifanya tunachambua omena huku masikio yamesimama. Sikuwahi kufikiri kingepiga hodi kwangu. Mume wangu alikuwa mtu wa kukataa hata dawa ya kichwa.

Siku hiyo hiyo ya mluzi, akifunga vifungo vya shati arudi kazini, alitazama ukuta akaniuliza ni lini nimeupaka bluu. Ukuta ulikuwa wa chokaa, mweupe. Nikamwambia jua limempiga. Wiki iliyofuata akaisifu leso yangu mpya ya bluu, nami nimejifunga ile ya kijivu ambayo nimeivaa mpaka imechoka. Nikacheka, nikamwambia mapenzi yamemrudisha utotoni. Kisha mabati ya nyumba za jirani yakaanza kumuumiza. Akifungua mlango baada ya kula, mwanga wa mabati ulimpiga mpaka akasimama pale amejiziba uso kwa kiganja, ananiambia tangulia. Hapo sikucheka tena.

Kilichotuumbua ni gomesi za mashangazi. Kulikuwa na bibi arusi huko Bukhayo, wageni wa mahari walikuwa wanakuja Jumamosi, na shangazi zake waliamua kuvaa sare: gomesi za rangi ya maziwa, mishipi ya kijani. Kwenye rafu ya mume wangu vitambaa viwili vya kung'aa vilikaa bega kwa bega, kijani na bluu. Mishipi mingine aliikata na kuishona asubuhi. Iliyobaki aliikata na kuishona aliporudi kutoka kula. Aliitundika yote pamoja kwenye kamba, akaipiga pasi, akafurahi.

Walipokuja kuchukua ilikuwa alasiri ile ile. Mimi nilikuwa nimemfuata na kofia aliyoisahau, kwa hiyo niliona kila kitu. Shangazi mkubwa, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliitandaza mishipi mezani, akauliza kwa upole ni nani kati yao aliyeagiza bluu. Mume wangu akamwambia mama, hakuna bluu hapa. Shangazi akamwonyesha kwa kidole. Mume wangu akasema hiyo ni kijani. Na kwa kuwa hajawahi kushindwa ubishi wa rangi maisha yake yote, alimwita fundi wa viatu aje awe shahidi. Fundi wa viatu aliitazama mishipi, akamtazama yeye, akasema polepole, boss, nusu ya hizi ni bluu. Mume wangu akamsimamisha mtu wa boda aliyekuwa anapita na baiskeli yake. Yule naye akasema bluu, akaenda zake. Ndipo mume wangu akashika mshipi mmoja mkono huu na mwingine mkono huu, akausogeza mmoja juani, akaurudisha kivulini, akausogeza mwingine, akaanza upya.

Shangazi walikuwa wanaanza kupandisha sauti, na sikuwalaumu. Kwao hili halikuwa jambo la urembo. Upande wa bwana arusi wakiona mishipi ya rangi mbili watasema mashangazi wamegawanyika, wako waliomkubali kijana na wako waliomkataa, na mazungumzo yote yatakaa vibaya kabla chai haijamiminwa. Siku hiyo mdomo wangu usio na breki ukafaa kitu. Niliingia katikati, nikasema kosa ni la duka lililotuuzia kitambaa, nikawapa viti, nikawaahidi mishipi mipya kesho asubuhi kabla hawajaamka vizuri. Nilidanganya kwa uso mkavu kabisa. Waliondoka wananung'unika. Mume wangu alifunga kibanda bila hata kukigusa kile kibao chake cha chaki.

Tulirudi nyumbani. Alipofika alikaa kitandani, bado ameshika mshipi mmoja.

"Macho ya baba yamenifikia," akasema.

Nilitaka kumwambia wacha ujinga. Sikuweza. Nilimwona baba mkwe kwenye kiti chake, uso ameuelekeza mahali ambapo hapana mtu, na nikaona kwamba kiti kile sasa kinaletwa kwangu. Nilimpenda mtu huyu. Nilipenda namna alivyonitazama nikivaa, akiniambia upindo wangu umeshuka upande mmoja. Nani angeniambia tena?

Asubuhi niliamka mapema ili nikamchagulie kitambaa mwenyewe. Nikachelewa. Nilimkuta ameshakata, na ilikuwa kijani. Uzi kijani. Alishona mishipi yote bila kukosea, na mashangazi wakaichukua na kumwambia asante fundi. Hilo lilinikaa kichwani. Upofu gani huu unaolala asubuhi na kuamka mchana? Nikamwambia twende kliniki ya macho ya hospitali ya misheni. Akakataa. Alisema hataki kuambiwa. Baba yake alikwenda hospitali, akaambiwa umechelewa, akarudi akakaa ameupa mgongo mlango hadi alipozoea giza. Yeye afadhali asijue.

Mimi si mtu wa kubembeleza muda mrefu. Nilichukua ufunguo wa kufuli la kibanda, nikauzika ndani ya gunia la omena. Aliutafuta chini ya godoro, aliutafuta kwenye makopo, akaniomba, akakasirika, akasusa chai. Nikamwambia ufunguo utaonekana siku macho yako yatakapoonekana na daktari. Majirani waliona kibanda kimefungwa wakaanza kuuliza kama kuna msiba. Akasalimu amri.

Kliniki ilikuwa na benchi refu na watu wengi waliozibwa jicho moja. Daktari wa macho alikuwa msichana, umri wa binti yetu wa kwanza, na hapo ndipo shida ilipoanza. Mume wangu ni mtu wa kwetu. Mbele ya msichana anayeweza kuwa mwanawe hawezi hata kusema amevimbiwa. Yule dada alimsomesha zile herufi za ukutani, akamwonyesha kitabu cha madoa ya rangi, na kwa kuwa ilikuwa asubuhi, mume wangu akayataja yote bila kosa. Alimlaza, akamtilia dawa ya ganzi, akamwekea juu ya jicho kidude kidogo cha chuma kupima presha ya ndani. Akachungulia kwa taa muda mrefu, jicho hili na hili. Kisha akamuuliza kwa heshima, baba, kuna dawa yoyote unayotumia?

Mume wangu akasema hakuna.

Labda ya presha? Ya kifua? Ya kienyeji? Hakuna, hakuna, hakuna. Msichana akasema hiyo bluu tuliyomweleza inamshangaza, kwa sababu rangi anaziona vizuri kabisa. Je, inakuja saa ngapi? Mume wangu alitazama dari. Mimi nikaona mtu huyu atatupotezea safari, nikajibu badala yake. Nikasema inakuja baada ya chakula cha mchana. Akauliza kama ni kila siku.

"Si kila siku," nikasema. "Ni zile siku anazokuja kula nyumbani."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Zile siku anazokuja nyumbani. Mluzi. Kuoga. Madereva wa Malaba na minong'ono ya sokoni. Nikageuka kumtazama mume wangu, na mume wangu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake kana kwamba havijui. Yule dada alituangalia wote wawili, akaanza kupanga kalamu zake mezani ambazo hazikuhitaji kupangwa. Alikuwa ameshaelewa, naye hakutaka kumwaibisha mzee mbele ya mkewe.

Mnajua nilivyo. Nilikuwa na maneno ya kujaza chumba kile hadi dirishani. Lakini nilijua pia kwamba nikifungua mdomo pale, mtu huyu hatasema kweli tena maishani, na macho yake ndiyo yatakayolipa. Nikasema nina kiu, naenda kutafuta maji. Nikatoka nikafunga mlango nyuma yangu, nikakaa kwenye lile benchi refu, nikaomba Mungu ampe mdomo.

Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika kichupa kidogo cha plastiki. Akakaa pembeni yangu.

"Bluu si ugonjwa," akasema. "Ni kidonge. Nilikuwa nakunywa kabla ya kuja kula."

Nikamwambia najua.

"Umejua lini?"

"Pale ndani. Mdomo wangu ulijua kabla yangu."

Ndipo akanisimulia, polepole, kwa namna yake ya Jumatano. Alikuwa amekwenda Malaba kushona vitambaa vya viti vya lori la dereva mmoja, wakazungumza umri, kama wanaume wanavyozungumza wakiwa hawajuani. Dereva akampa vidonge, akamwambia anza na nusu. Nusu haikumridhisha, akameza kizima. Dereva hakumwambia kitu kuhusu macho. Kumbe, alivyoelezwa na yule dada, dawa ile inaposhuka kufanya kazi yake chini, inagusa pia kitu ndani ya jicho, na mtu anaweza kuona kila kitu kimepakwa bluu, asitofautishe bluu na kijani, mwanga ukamchoma, kwa saa chache, halafu inaisha yenyewe. Na kadiri unavyomeza nyingi, ndivyo inavyozidi.

Naye alikuwa amezidisha. Hapa ndipo aliponimaliza. Ukuta ulipogeuka bluu, hakufikiri kidonge. Alifikiri baba yake. Akaona macho yanamuaga, basi akasema moyoni afadhali awahi, aje nyumbani saa saba mara nyingi awezavyo, wakati bado ananiona. Kwa hiyo akameza zaidi. Na dunia ikazidi kuwa bluu, naye akazidi kuwahi. Nilitaka kumpiga, nikataka kumkumbatia, na kwenye benchi la hospitali huwezi kufanya lolote kati ya hayo. Nilimshika tu mkono wa shati.

"Ila ugonjwa wa baba pia upo," akasema.

Alisema kwa sauti ile ile, kama anayeongeza kifungo kilichosahauliwa. Presha ya macho yake ilikuwa juu. Mshipa unaopeleka picha kichwani ulikuwa umeanza kuliwa pembezoni. Ugonjwa huu haukuhusiana na kidonge. Ulikuwepo kimya kimya, usiouma, usio na rangi yoyote, na kama si ile bluu asingekanyaga hospitali mpaka lile tundu lizibe. Kilichokwisha kuliwa hakirudi, daktari alisema, lakini kilichobaki kinalindwa, kwa matone ya kile kichupa mara nne kwa siku, maisha yake yote. Na vidonge aache. Yule dada hakujidai kujua zaidi ya alichojua. Alimwambia hana hakika dawa ile inaufanyia nini mshipa ambao tayari umebanwa, wala hajui ndani ya vidonge vya mfukoni mwa dereva kuna nini, na jicho si kitu cha kubahatisha. Akamwonya kwamba siku yoyote jicho moja likizima ghafla, aje mbio siku hiyo hiyo, asingoje kesho.

Nikamwambia basi tumshukuru Mungu. Alikizungusha kile kichupa vidoleni.

"Nikiviacha," akasema, "saa saba nitakuja kufanya nini?"

Mtu wangu. Ameambiwa hatapofuka kama akijitunza, na bado hilo ndilo lililomkaa kooni.

"Utakuja kula," nikamwambia. "Nilikuwa nakungoja wewe, sikuwa nangoja kidonge. Njoo na hayo macho. Mengine tutaongea."

Alicheka kidogo, puani. Tulipofika nyumbani nikaingiza mkono kwenye gunia, nikamtolea ufunguo wake. Ulinuka omena mwezi mzima, na kibanda nacho.

Vidonge vilivyobaki alivitupa chooni mwenyewe. Bluu haikurudi tena. Ile dawa ya matone ilikuwa na ukorofi wake pia: ilimbana mboni mpaka jioni akaona kiza mapema, na paji la uso likamuuma siku za mwanzo. Tukaisogeza cherehani mpaka mlangoni mwa kibanda, miguu ya watu karibu impite mapajani, ila mwanga ulimtosha. Asubuhi alijitilia matone mwenyewe, jioni na wakati wa kulala vile vile. Tone la mchana lilikuwa langu.

Saa saba alitundika kibao chake, akaja. Tulikula. Mlango ulifungwa. Alilala chali, kichwa mapajani pangu, nikamfungua kope kwa vidole vyangu nilivyovisugua kwa sabuni na ndimu visimtie harufu ya samaki, nikadondosha tone, kisha nikamminya kwenye kona ya jicho karibu na pua kama daktari alivyotuonyesha, ili dawa isikimbilie kooni. Hapo lazima ukae umefumba kwa muda. Basi nilimpa habari za soko: nani amegombana na nani, omena wa leo wamelowa mvua, mama fulani ameolewa tena Tororo. Alisikiliza. Miaka yote tuliyooana hatukuwahi kuongea kama tulivyoongea na yeye amefumba macho. Na kuna siku, bila dereva yeyote kuhusika, mwili nao ulijikumbuka. Sitasema zaidi.

Majirani hawakujua habari ya kichupa. Walichoona ni mlango uliofungwa kila siku, bila kukosa, wa watu wenye wajukuu. Kwenye bomba la maji walinitazama kwa heshima mpya, na mmoja akaniuliza kama kuna mzizi ninaomchemshia mzee. Nikamwambia ni mboga ya mrenda tu. Mume wangu naye akirudi kazini macho yamemwiva kwa dawa, fundi wa viatu alimuuliza chakula kilikuwaje, na akiona machozi alisema huyu mama anaweka pilipili nyingi. Mume wangu alikubali. Pilipili ni nyingi, alisema, lakini nimezoea.

Sasa ameupita kwa mbali umri ambao baba yake alikaa kwenye kile kiti. Pembeni hapako vizuri. Anagonga bega kwenye miimo ya milango na kuitukana. Lakini sindano anatia uzi mwenyewe, na gomesi akikutengenezea utavaa kwa raha. Dawa imebadilishwa, siku hizi ni mara mbili tu kwa siku, na daktari alisema la mchana halihitajiki tena. Saa saba bado anakuja na kulala chali. Namminya kona ya jicho hata kama hakuna tone, namsimulia soko, kisha namwambia haya fungua, niambie unaona nini.

Hufungua macho, akanitazama kutoka chini, bila haraka, kama anayepima kitambaa.

"Mwembamba," anasema. "Mweusi wa kung'aa. Ana mwanya wa mbele."

Mimi nimenenepa tangu zamani, na jino la pembeni mwa ule mwanya lilishang'oka. Namwambia dawa haifanyi kazi, turudi hospitali. Ananiambia anaona vizuri.